Siku moja kambi ya wavulana Sipi: kwa nini mambo magumu yaishe kabla ya saa sita mchana

KambaNgumu (mleta uzi):

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila likizo ya muhula wa pili nikiwa zamu kambini huku Sipi, wazazi wakishaiona ratiba swali huwa lile lile: "Mwalimu, mbona asubuhi mmejaza hadi pomoni, halafu mchana mmeandika 'kutegemea hali ya hewa'? Sisi tumelipia siku nzima." Nimelijibu kwenye simu mpaka salio likaisha. Leo naliandika hapa. Anayetaka asome, anayebisha abishe, uwanja ni wenu.

Kwa wasioijua, Sipi iko ubavuni mwa Mlima Elgon upande wa Uganda, unaifikia kabla ya Kapchorwa mjini ukitokea Mbale. Kuna maporomoko matatu yanayofuatana kwenye mto mmoja. Vijana tunaowapokea ni wa miaka 11 hadi 15, wengi wa Kampala, wengine Mbale na Soroti, na hawakosekani wachache wanaovuka mpaka kutoka Kitale na Bungoma. Wale wa Kampala siku ya kwanza wanababaisha Kiswahili, siku ya tatu wanabishana nacho na refa.

Sasa hoja yangu. Huku mlimani siku ya kambi haifuati saa ya mkononi. Inafuata mvua na miguu ya watoto, na vyote viwili vinabadilika baada ya saa sita. Mvua inashuka, miguu inalegea. Kwa hiyo chochote kinachoweza kumvunja mtoto mkono kikae asubuhi, akili zikiwa bado zimeamka na mwamba ukiwa mkavu. Mchana tunabaki na vitu ambavyo mtoto akiteleza anachafuka tu.

Nitaeleza Jumatano ya katikati ya kambi. Siku ya kwanza kila mtu ni mgeni, na siku ya mwisho kila mtu anatafuta soksi.

Filimbi inalia saa kumi na mbili. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri ni baridi ya kweli, na kila mara kuna mtoto aliyefungashiwa kaptula tatu na fulana basi. Huyo utamkuta kajikunja ndani ya blanketi la mwenzake. Dawa yake ni mchakamchaka.

Na hapa mchakamchaka si adhabu, maana wapo kwenye ardhi ya wakimbiaji. Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012 ni wa Kapchorwa hii hii. Joshua Cheptegei naye ni wa hapa, dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, na rekodi ya dunia ya mbio hizo aliiweka Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11. Ukimwambia mtoto "dakika 26" haelewi kitu. Kwa hiyo tunachukua kamba, tunapima mita 100 kwenye barabara ya murami, mstari huku, mstari kule, na mtu wa saa. Ile rekodi ukiigawanya, kila mita 100 Cheptegei alizikata kwa sekunde 15.7. Haya, kimbieni. Wale wakubwa wanaipata, wanaanza kujigamba, mmoja anavua koti anamrushia mwenzake. Ndipo tunawaambia: sasa rudieni mara 99, bila kupumzika katikati. Kimya. Halafu mmoja anageuka kuitazama ile barabara upya.

Wakati huo huo watoto wa kijijini wanapita na madumu ya maziwa vichwani, wanatucheka waziwazi. Wakikubali kushindana, bila viatu, wanatuacha vumbini. Asubuhi ile walikubali.

Baada ya hapo uji wa ulezi, chapati na maharage. Wa Kampala chapati ya kukatakata na maharage wanaiita kikomando, na wanaila kama ilivyoitwa. Naendelea baadaye, kuna gari la kuni limefika.

Kijana wa Malaba:

Mkuu nisamehe, lakini mtoto analipiwa ili akimbie na kupanda mlima? Sisi tulichunga ng'ombe, tukapanda miembe, tukaogelea mtoni, na hakuna aliyetukatia risiti. Hii ni biashara ya kuwauzia matajiri utoto wetu.

mama_pacha_mbale:

Kaka wa Malaba, wewe ulikuwa na ng'ombe. Wanangu wamekulia ndani ya geti, ng'ombe wanamjua kwa pakiti ya maziwa. Agosti nzima ni simu na kochi, kochi na simu. Niwapeleke kwa nani wakachunge? Babu yao alishauza shamba.

Mimi langu ni jingine. Mleta uzi, nasikia mnawashusha watoto kwa kamba kwenye mwamba. Nieleze taratibu, na usinifiche, maana nina wawili wa miaka 12 na mmoja wao haogopi kitu. Huyo ndiye ninayemhofia.

mkimbiaji_mstaafu:

Hesabu ya sekunde 15.7 nimeipenda, nitaiiba niwatese vijana wangu huku Eldoret. Ila uwape hata maji ya vuguvugu na ndizi kabla ya kukimbia. Mtoto wa mjini akikimbia tumbo tupu kwenye mwinuko huo anaweza kuona nyota mchana.

KambaNgumu:

Mkimbiaji, ndizi moja na maji wanapata kabla, sikuandika tu.

Kijana wa Malaba, sikatai hata kidogo. Watatu kati ya wasimamizi wetu wamekulia hapa hapa Sipi na wanayajua haya bila kufundishwa na mtu. Wanalipwa kwa kuyajua. Hilo nadhani hata wewe utalikubali.

Mama pacha, shikamoo. Naanza na kamba, sitaficha.

Saa mbili na nusu tunaondoka kambini kwa miguu. Kabla ya kutoka, kila mvulana ana pacha wake. Kwa wako itakuwa rahisi, ingawa ukiniuliza ningewatenganisha. Pacha ni yule unayepaswa kujua alipo muda wote. Filimbi ikilia mara mbili, kila jozi inashikana mikono na kuinyanyua juu. Mkono ulio peke yake unaonekana haraka kuliko kuhesabu vichwa vinavyohangaika.

Poromoko kubwa, lile la chini, lina urefu wa mita zipatazo 100. Pale watalii wanashuka kwa kamba, watu wazima, na wanaoifanya ni wataalamu wake. Watoto wetu hatuwapeleki pale. Tunatumia mwamba mkavu ulio mbali na maji, haufiki mita 20, na juu yake kuna nafasi ya kusimama watu kumi bila kusukumana.

Kamba ni mbili. Moja ndiyo anayoshukia, ya pili imefungwa kwenye mkanda wake na inashikwa na msimamizi aliye juu, kwa hiyo hata mtoto akiiachia ya kwanza kwa hofu haendi popote. Fundo ni lile lenye umbo la namba 8, lililopitishwa mara mbili. Kofia ngumu imefungwa kidevuni. Shati limechomekwa ndani, na hapa sina masihara, kwa sababu nguo inayoning'inia huvutwa ndani ya chuma cha kushukia na mtoto anakwama katikati ya mwamba. Kisha msimamizi wa pili, ambaye hakumfunga huyo mtoto, anakuja kukagua upya tangu mwanzo. Anagusa kila kitu: fundo, mkanda, kikaza cha karabina, ile pete ya chuma inayounganisha kamba na mkanda. Kutazama peke yake hakuruhusiwi, lazima mkono uguse. Kila msimamizi ana watoto sita, hawazidi.

Sehemu ngumu si kushuka. Ni ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma ukingoni. Jumatano ile kulikuwa na mmoja wa Kampala, mrefu, mpiga kelele wa kambi, asubuhi ndiye aliyerusha koti. Alipofika ukingoni akanyamaza. Mkono wa kushoto uko kwenye kamba, wa kulia umenishika mkono wa sweta, na sweta linavutika. Magoti yanacheza. Anataka kusimama wima, na kusimama wima ndiko kunakomtelezesha mtu, kwani nyayo hazikanyagi mwamba sawasawa. Nikamwambia kaa. Kaa kama kuna kiti nyuma yako. Akasema mwalimu, kiti hakipo. Nikamwambia kiti ni huo mkanda, ukalie. Tulibishana juu ya kiti muda mrefu kuliko ilivyostahili. Hatimaye akakaa, nyayo zikakanyaga, sweta langu akaliachia kidole kimoja kimoja. Alipofika chini aliuliza zamu ya pili ni saa ngapi.

Anayekataa kabisa hatumsukumi wala hachekwi. Anakaa na daftari juu, anaandika nani kashuka, nani bado. Kazi ya kweli hiyo, nasi tunaitegemea.

Mama, huyo wako asiyeogopa tungemshusha wa mwisho. Asiyeogopa anatakiwa aone wenzake wanavyokaguliwa mara nyingi mpaka achoke, ndipo zamu yake ifike.

mama_pacha_mbale:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kumweka wa mwisho umenishinda, atalia siku nzima. Fanya hivyo hivyo.

Mtoto wa Walukuba:

Mkuu salamu kutoka Jinja. Swali: wanaoga wapi? Maana huku kwetu kambi zote ni maji, maji, maji. Mtoto wa dada yangu alirudi kutoka kambi moja ya kando ya ziwa, baada ya muda akaanza kuumwa tumbo na kuchoka choka, kupimwa ni kichocho. Kambi ile haikumwambia mzazi neno lolote kuhusu hilo, wala kabla wala baada.

KambaNgumu:

Pole sana kwa mtoto. Kichocho si cha kufanyia mzaha, na Ziwa Victoria linacho. Konokono wadogo wa majini ndio wanaokitunza. Vijidudu vinatoka kwao, vinaelea, na vinapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, pale pale pembeni ambapo watoto wanapenda kuchezea. Dawa ipo, ni prazikwanteli, lakini ukimpa mtoto siku aliyotoka majini haimsaidii sana kwa sababu minyoo michanga haisikii dawa hiyo vizuri. Ndiyo maana hutolewa wiki kadhaa baadaye. Kambi yoyote ya ziwani inapaswa kumpa mzazi maelezo hayo kwa maandishi.

Sisi kuogelea hatuna. Maji ya Sipi ni baridi na ya kasi, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Mvua ikinyesha juu mlimani, sisi tukiwa bado kwenye jua, mto unapanda ghafla. Chini ya poromoko kuna mawe usiyoyaona. Kwa hiyo wanaloa kwa mvuke wa maporomoko na hiyo inawatosha.

Baada ya kamba tunawapeleka poromoko la Simba. Pale kuna pango nyuma ya maji, unapita ukiwa na mwamba mkono huu na pazia la maji mkono ule. Kelele ni kubwa kiasi kwamba filimbi haisikiki, tunatumia ishara za mikono tulizokubaliana tangu kambini. Tunaingia jozi nne kwa mara moja. Hapo sikumbuki mtoto aliyewahi kuuliza simu yake iko wapi.

Ukitoka na kutazama kaskazini unaona tambarare ya Karamoja iko chini kabisa, na wewe umesimama kwenye kijani kibichi unatetemeka. Vijana wa Soroti wanabishana kwao ni upande gani.

Saa tano na nusu tunaanza kurudi. Ndipo siafu.

Kijana wa Malaba:

Hahaha nilikuwa nawasubiri hao. Hakuna kambi bila siafu.

KambaNgumu:

Msafara ulikata njia kwenye migomba, umetoka kwa sababu ardhi ililowa usiku. Msimamizi wa mbele aliuona, akapaza sauti "rukeni!" Wa kwanza wakaruka, wa katikati wakasimama kuangalia ni nini wanachokiruka. Sasa ukisimama kwenye siafu unapewa kama nusu dakika ya amani, wanapanda kimya kimya, kisha wanauma wote pamoja. Mmoja akapiga yowe, akafuata wa pili, na mara njia nzima ni wavulana wanaovua suruali huku wanakimbia, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia shambani ameacha jembe ameshika kiuno anacheka mpaka machozi.

Kwa faida ya wasiojua: usijipigepige, unamkasirisha tu. Toka kwenye mstari kwanza, nenda mbali, vua, geuza nguo nje ndani, mtoe mmoja mmoja kwa kumbana kichwa. Ukimvuta kiwiliwili kinakatika na taya zinabaki zimeuma. Angalia soksi na mapindo ya suruali. Yule mama alikuja kutusaidia mwenyewe, akawa anawabandua watoto wa wenyewe huku anawaita "wanajeshi wangu".

Buni Nyekundu:

Mimi ni mtu wa Sironko, nina swali nje kidogo. Miaka ya namba shufwa Agosti huku kwetu ni imbalu, tohara ya wavulana wa Kigisu. Ikishafunguliwa pale Mutoto, ngoma za kadodi zinazunguka barabarani mchana na usiku. Basi lenu linapitaje? Na watoto hawa wa mjini mnawaambia nini?

KambaNgumu:

Ndugu, basi linapita polepole sana, ha ha. Agosti ya 2024 njia ya Mbale unakutana na kundi baada ya kundi, mtahiriwa kapakwa unga, kengele mapajani, na dereva mwenye akili anazima injini anasubiri. Watoto wanashuka dirishani kwa macho. Wenye asili ya Bugisu ndani ya basi wanageuka wataalamu ghafla, wanawasimulia wenzao. Sisi wasimamizi hatuongezi maneno. Wasabiny, wenyeji wa hapa, nao wana msimu wao wa kutahiri wavulana, kwao ni Desemba, na wasimamizi wetu wa hapa wakiulizwa usiku kando ya moto wanajibu wanachoona kinafaa kujibiwa.

Turudi kwenye mchana, ndio niliouanzishia uzi.

Saa sita na nusu chakula: posho, yaani ugali, maharage, mboga za majani, ndizi. Saa saba kila mtu kitandani, si lazima asinzie ila ni lazima alale chali. Wazazi hawaipendi saa hii. Mimi ningewaomba waje waione. Mtoto aliyeamka saa kumi na mbili, akakimbia, akashuka mwamba, akapita nyuma ya maji na kung'atwa na siafu, saa nane unamwona anajikwaa kwenye ardhi iliyo sawa. Huyo ukimpa kamba mkononi unatafuta balaa. Mwaka mmoja kambi nyingine jirani iliwapandisha watoto mlimani saa tisa ili ratiba ikamilike kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, na walirudi gizani, kwenye tope, mmoja kabebwa mgongoni. Mteremko wa Elgon ukilowa hauaminiki. Waulizeni watu wa Bududa, kwenye mlima huu huu, kuhusu maporomoko ya ardhi ya Machi 2010.

Na radi. Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi wilayani Kiryandongo ikaua wanafunzi 18 wakiwa darasani. Tangu hapo sijui kwa nini kuna mtu bado anacheza na wingu.

Kanuni yetu kila mtoto anaijua kabla ya kulala usiku wa kwanza. Ukiona mwako, anza kuhesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Sauti inatumia takriban sekunde tatu kwa kilomita moja. Ukifika 30, radi iko kama kilomita kumi, na hapo ndipo mwisho: chini ya 30 kila mtu anaingia bwaloni, lenye mtego wa radi, au ndani ya basi. Hema halihesabiki, mti haukaribiwi, goli la chuma liachwe lilivyo. Hatutoki mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ikinguruma tena tunaanza upya. Jumatano ile saa nane kasoro mwako wa kwanza ulionekana upande wa juu, bwalo zima likahesabu kwa sauti moja, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, bumu. Watoto wanaipenda hesabu hii kupita mpira.

Mtoto wa Walukuba:

Na mkishafungiwa bwaloni kwa saa mbili na wavulana hamsini mnafanya nini? Hapo ndipo kambi nyingi zinawasha televisheni.

KambaNgumu:

Televisheni haipo. Kuna kahawa na kuna mweso, mchezo wa bao.

Kahawa ni ya mlimani, arabika, na mwishoni mwa Agosti buni za kwanza zinaanza kuiva. Asubuhi wakirudi kutoka Simba wanachuma kidogo kwa jirani, nyekundu tu, na wanagundua kwamba ganda lake ni tamu ukilinyonya. Hiyo haiwezi kunywewa leo. Lazima itolewe ganda, ilazwe ichache, ioshwe, ianikwe siku nyingi. Kwa hiyo mama wa jirani anatuletea ya msimu uliopita iliyokauka. Mchana ule mvua inapiga bati hatusikizani, vijana wanaitwanga kwenye kinu kutoa ngozi, wanapepeta kwa ungo, nusu inaishia sakafuni, kisha inakaangwa kwenye sufuria juu ya mkaa. Mama aliwakataza kuacha kukoroga. Wakibadilishana zamu hovyo tu inaungua upande mmoja. Baada ya muda inaanza kupasuka kama bisi, harufu inabadilika kutoka nyasi kuwa kahawa yenyewe, na wavulana waliokuwa pembeni wanasogea bila kuitwa. Kila mmoja anapata kikombe kidogo na maziwa, saa tisa, si usiku. Wengi wanakunja uso. Wanamaliza hata hivyo, kwa kuwa wameitwanga wenyewe.

Mweso nadhani mnaujua, mashimo 32, kete 64, safu mbili zako na mbili zangu. Tuna mbao nne. Yule mpiga kelele wa ukingoni alifungwa mfululizo na mtoto wa miaka 11 wa Mbale, akadai kete zimehesabiwa vibaya.

Mvua ilikatika, dakika 30 zikapita, saa kumi na nusu tukafungua milango. Mpira kwenye tope dhidi ya vijana wa kijijini. Tumefungwa. Kila mara tunafungwa, wenyeji wanaujua mteremko wa ule uwanja na wanachagua goli la juu kipindi cha pili. Hakuna aliyeumia, kuna waliobadilika rangi.

Kijana wa Malaba:

Hapo kwenye kuchagua goli la juu umenimaliza, sisi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. Naona nimeanza kuwa upande wako, ila bei bado sijakubali.

mkimbiaji_mstaafu:

Usiku je? Au wanazimika?

KambaNgumu:

Kuna wanaozimika na sahani mkononi. Waliobaki wanachoma mahindi kwenye moto hadi saa tatu. Mvua ikishasafisha anga tunazima tochi zote, tunawaonyesha Nge, lile kundi la nyota, iko juu, mkia wake umejikunja, haina haja ya kubahatisha. Kisha mmoja lazima aseme alisoma kwamba ukipotea utafute Nyota ya Kaskazini. Tunamwambia aitafute. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, nyota hiyo imelala usawa wa ardhi, kilima kidogo kinaificha. Huku dira ndiyo ya kubeba, na kesho yake asubuhi ndilo somo lao.

mama_pacha_mbale:

Mwanangu nimesoma hadi mwisho. Nina maswali mawili ya haraka ili nifunge mjadala na baba yao. Gambuti au raba? Na simu je, hata ya kunipigia jioni?

KambaNgumu:

Mama, vyote viwili: raba za kamba na kukimbia, gambuti za baada ya mvua, na soksi nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Sweta mbili kwa kila mmoja, andika majina ndani. Simu hapana, abaki nazo baba yao. Ya kambi ipo, jioni ukipiga kati ya saa kumi na mbili na saa moja tutakuitia mmojawapo. Yule asiyeogopa huenda akakataa kuja kuongea, usikasirike, atakuwa uwanjani.